Mtani Aliyeshuka Kaburini

Miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yuko, nilikuwa karani wa wakili mmoja mjini Tanga. Karani ni jina la heshima tu. Kazi yangu hasa ilikuwa kukaa katikati ya watu wawili. Mteja anasema Kiswahili chake, namgeuzia wakili kwa Kiingereza. Wakili anajibu, namgeuzia mteja. Wakili alikuwa Mhindi aliyekuja kutoka Bombay akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha bei na vipimo. Mtu akianza kumweleza habari za shamba la babu yake na mkwe aliyehamisha mpaka, basi uso unageuzwa kwangu. Nami nilijiona mtu mkubwa. Shati jeupe, kalamu mfukoni, majivuno tele.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa za mbao na zilikuwa zikilia, hata ungeweza kujua mteja ana shida ya kiasi gani kwa jinsi anavyozipanda. Walikuja wenye minazi wa Moa, Wabondei wenye kesi za urithi, manamba wa mashamba ya mkonge waliopigwa na wanyapara. Wengine hawakuwa na kesi hata kidogo. Alikuwapo mzee mmoja aliyeteremka kutoka Amani milimani kila alipouza iliki zake, akakaa kwenye benchi letu asubuhi nzima kueleza ndugu yake alivyomdharau mbele ya watoto, kisha akaaga akaenda zake ameridhika. Mimi roho ilikuwa inanitoka. Wakili alimsikiliza kila mara, na kila mara mimi nilitafsiri ule ule upuuzi.

Yule bwana alikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza, mteja akiingia, kabla ya jambo lolote anaulizwa kama amekula. Asiyekula anaagiziwa chai na vitumbua, na kesi inangoja. Ya pili ndiyo iliyonichosha: mtu aliyeshtakiwa hakumuuliza hata siku moja kama kosa amelitenda. Atamuuliza alikuwa wapi, alikuwa na nani, nani alimwona, mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi. Lile swali lenyewe atalizunguka kama shimo la choo. Nilimwona ama mjinga ama mjanja, na mpaka leo sijaamua.

Mimi huruma yangu ilikuwa na masharti. Mtu akiwa mnyonge na hana kosa, nilimwonea huruma hata chakula hakipiti. Nikihisi ananidanganya, basi, hata alie machozi ya damu, namtazama tu. Nilidhani watu wote ndivyo walivyo. Wakili akanishangaza kwa kuwa aliwapa wote chai ile ile.

Ndipo ikaja kesi ya Mnyamwezi.

Mahakama ndiyo iliyompa wakili wangu kesi ile, kwa sababu mshtakiwa hakuwa na uwezo wala jamaa mjini. Alikuwa mtu wa makamo, Mkatoliki, mkata mkonge katika shamba moja njia ya Pangani. Alishtakiwa kwa kumuua rafiki yake, Mzigua wa Mwera, aliyekuwa mlinzi wa korona, yaani kile kiwanda cha kusindika mkonge. Jioni watu waliwaona wawili hao wakinywa tembo pamoja, kisha wakaondoka pamoja, wanatukanana na kucheka. Asubuhi yule mlinzi akakutwa kando ya reli ya matroli, kichwa kimepasuka, amekufa. Daktari alisema jeraha lile laweza kuwa la kupigwa, na laweza kuwa la kuanguka juu ya chuma. Kwa hiyo daktari naye hakutusaidia kitu.

Polisi walikuwa karibu kuliacha jambo lile, isemwe mlevi ameanguka. Kilichomtia mtu wetu ndani ni mambo ya mazikoni.

Asiyejua utani wa zamani lazima nimweleze. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya bara. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako nawe hukasiriki. Huchukua kuku wako nawe humdai. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko msibani, kwa kuwa wafiwa wenyewe wamelemewa. Atajifanya maiti, atazuia jeneza lisipite, atashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Watu hucheka huku machozi yanawatoka. Masheikh wetu wengi hawaipendi desturi hii, lakini hutazama pembeni, maana wao nao wana watani wao.

Basi mtu wetu alifanya kazi yake. Alishuka katika kaburi la rafiki yake, akajilaza chali, akapiga kelele: "Mnanichelewesha nyie! Mzigua huyu nimemuua mimi, alikuwa ananimalizia tembo langu. Nipeni ujira wangu nimfukie!" Akadai kofia ya marehemu. Wafiwa wakampa. Akaivaa, akatoka, maiti akazikwa.

Pale makaburini alisimama nyapara mmoja mgeni, mtu wa kusini, ambaye kwao watani wa namna ile hawakuwapo. Alisikia kwa masikio yake mtu akisema nimeua, akaona kwa macho yake mtu akivaa kofia ya maiti. Akaenda polisi kueleza. Simlaumu, alisema alichokisikia. Lakini kwa neno lile Mnyamwezi akawekwa rumande angoje jaji, ambaye alikuwa akija Tanga kwa zamu, na kesi ya kuua hukumu yake ilikuwa moja tu: kitanzi.

Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini. Nikamwambia wakili hii ni kesi nyepesi, kila mtu wa pwani atasema ulikuwa utani, jaji ataelewa, tutarudi nyumbani mapema. Wakili hakucheka. Aliniuliza utani ni nini. Nikamweleza mpaka koo likanikauka. Akauliza: "Sasa mtu atajuaje kwamba mwenzake anatania na hasemi kweli?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba inajulikana tu. Akaniambia neno "inajulikana tu" halina mahali pa kukaa mahakamani, tutafute shahidi.

Shahidi hakuwa mwingine ila mjane. Jamaa wa marehemu walikwishatawanyika vijijini na hawakutaka kuusogelea mlango wa mahakama. Mjane ndiye aliyeweza kusema kwamba mtu huyu ni mtani wa nyumba yao, na kwamba vituko vyake mazikoni vilikuwa haki yake. Wakili akapeleka ujumbe Mwera. Mama yule akaja, amejitanda kaniki ya eda, amefuatana na shangazi yake.

Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alipoulizwa kama amekula alisema amekula, na niliona wazi kwamba hajala. Chai ikaletwa. Hakuigusa.

Wakili akasema, "Muulize kama anamjua mshtakiwa."

Nikamuuliza. Akajibu pale pale: "Yule fisi? Namjua sana. Mnyongeni upesi. Mkikosa kamba, mie nitaleta yangu ya kutekea maji."

Nikaanza kutabasamu, maana hayo ni maneno ya mtani kabisa, kila mmoja wetu ameyasikia harusini na msibani. Kisha nikamtazama usoni, na tabasamu likanifia mdomoni. Hakuwa anacheka. Hakuwa amekasirika pia. Alikuwa anatazama kikombe cha chai. Shangazi mtu naye alikuwa anatazama sakafu.

Nikatafsiri neno kwa neno. Wakili aliweka kalamu chini. "Anatania?" akaniuliza. "Wewe ni mtu wa hapa. Niambie. Anatania, au anataka mtu huyu afe?"

Mimi niliyezaliwa Ngamiani, humu humu mjini, mama yangu Mdigo, niliyelelewa katikati ya watani tangu sijaota meno, sikujua. Mtani wa kweli hachekelei utani wake. Anausema na uso mkavu. Na mtu mwenye chuki naye huwa na uso mkavu. Nikafanya jambo ambalo mtu wa pwani mwenye adabu hafanyi, nikamuuliza mwenyewe: "Mama, samahani, hapo unatania au unasema kweli?"

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo. "Mwana wa watu," akasema, "mtani huulizwa hivyo? Nani kakulea wewe?"

Shangazi akaguna. Sikuuliza tena. Ndivyo utani ulivyo, ukiuulizia umeuua. Mama yule akakubali kuja mahakamani siku ya kesi, akasema hana neno, ataulizwa na atajibu. Walipoteremka ngazi, nilibaki dirishani nikiwatazama wanavyokwenda, nikitafuta katika mwendo wake alama yoyote. Alikuwa anatembea tu. Wakili akaniambia nimpelekee habari mshtakiwa, ajue kwamba shahidi amepatikana.

Nikaenda gerezani siku iliyofuata, peke yangu, nimebeba tumbaku na sabuni alizompelekea wakili. Nilimkuta Mnyamwezi amekonda, magoti yametokeza. Nikamwambia mjane atakuja kutoa ushahidi. Akauliza amesemaje. Nikamweleza yale maneno ya kamba ya kutekea maji.

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka askari akatugeukia. "Shemeji yangu huyo," alisema akijifuta macho. "Shemeji yangu huyo! Kamba yenyewe imeoza, nilimwambia zamani anunue nyingine." Nikafurahi sana moyoni, nikajua basi, mambo yamekwisha. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa: "Karani, macho yake yalikuwaje?"

"Sikuona vizuri," nikasema.

"Alicheka?"

"Hakucheka."

"Mtani hacheki," akajisemea, lakini nilimwona anasaga meno.

Hapo nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nilichoka kutojua, na nilitaka mtu mmoja tu anipe jambo la kushika. Nikamuuliza lile swali ambalo wakili alilizunguka siku zote: "Mzee, nieleze mimi. Ulimuua?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa anajiuliza mwenyewe tangu alipofungiwa. Akasema: "Tulikunywa. Tukatoka, tunatukanana njia nzima kama kawaida yetu. Pale kwenye reli alinisukuma, ananitania. Nikamsukuma, namtania. Akaanguka, akanitukania babu yangu. Mtu anayetukana yu hai, au siyo? Nikacheka nikaenda kulala. Asubuhi wananiambia amekufa. Labda aliinuka akaanguka tena. Labda hakuinuka." Akanishika mkono wa shati. "Nilipoingia kaburini nilisema maneno yetu ya siku zote. Kila mtani huyasema. Lakini yalipotoka mdomoni nikayasikia, nikaogopa, nikabaki nimelala mle chini sijui la kufanya. Watu wanacheka. Ndipo nikadai kofia. Karani, wewe umesoma. Niambie wewe, nilimuua?"

Njiani kurudi mjini nilijaribu kumchukia, ikashindikana. Nilijaribu kumwonea huruma kama nilivyomwonea mwanzo, nayo ikashindikana. Nilimwona tu, amekaa juu ya benchi la gereza na magoti yake, na nilikosa mahali pa kumweka. Sijapata kuchanganyikiwa namna ile, na nimeoa mara mbili.

Wakili aliniona usoni nilipoingia. "Umemuuliza," akasema. Nikataka kumweleza yote, akanyanyua mkono akanizuia. Nikamwambia kwa hasira, na mimi sikuzoea kumpandishia sauti: "Bwana, wewe unawezaje? Unawezaje kumpelekea mtu tumbaku na sabuni gerezani na hujui kama ameua?"

Akasema, "Ningengoja kujua, nisingempelekea mtu yeyote." Akarudi kwenye karatasi zake. Jibu lile halikunitosha wakati ule. Nililiona la kukwepa, na mara nyingine bado naliona hivyo.

Siku ya kesi jaji alikaa na wazee wa baraza watatu, kama sheria ilivyotaka kwa kesi za kuua, wawe wanamshauri mambo ya desturi. Walikuwa wazee wa pwani wenye kanzu na vilemba, wawili wanasinzia. Nyapara mgeni alitoa ushahidi wake bila kuongeza chumvi. Kofia ikaonyeshwa mahakamani, imetiwa kibandiko. Ilikuwa kofia ya kawaida, ya kufumwa kwa mkono, na pale juu ya meza ya jaji ilionekana jambo baya sana.

Kisha akaitwa mjane. Wakili akamuuliza, kwa kinywa cha mkalimani wa mahakama, kama alichukizwa mshtakiwa aliposhuka kaburini.

"Asingeshuka ndiyo ningechukizwa," alisema. "Mume wangu hakuwa mbwa, azikwe bila mtani."

Wakili akakaa. Akainuka mwendesha mashtaka, Mzungu kijana, akauliza kwa upole kabisa: "Mama, wewe umefiwa. Unataka mtu huyu aachiwe?"

Nilifumba macho. Nikamsikia anasema: "Mie? Nimtakie nini fisi yule? Mnyongeni. Mkichoka nipeni mie nimalizie."

Mkalimani akatafsiri. Uso wa jaji ulibadilika. Nilimtazama Mnyamwezi kizimbani, amemkazia macho mjane, anamsoma kama mimi nilivyojaribu kumsoma. Hapo mzee mmoja wa baraza, mmoja wa wale waliokuwa wanasinzia, akaangua kicheko. Wa pili akamfuata. Wakacheka mpaka vilemba vinatikisika, na jaji akagonga meza, akataka kujua kuna nini cha kuchekesha katika kifo. Wazee wakamweleza kwamba mwanamke anayemwombea mtani wake kitanzi mbele ya jaji ndiyo kusema nyumba yake haina kinyongo naye. Walieleza kirefu. Walikuwa na hakika kabisa. Niliwaonea wivu kwa hakika yao.

Jaji aliyapokea maneno yao. Akasema yaliyosemwa kaburini hayawezi kuhesabiwa kuwa kukiri, na kwamba bila maneno yale hapakuwa na ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Mnyamwezi akaachiwa.

Nje, barazani, watu walimzunguka kumpa mkono. Wakili alimpa mkono pia, akaenda zake, ana mteja mwingine anangoja. Mnyamwezi akawapenya watu akamfuata mjane, aliyekuwa amesimama na shangazi yake penye kivuli cha ukuta. Nilikwenda nyuma yake. Akajishika kiuno, akainua sauti kama inavyotakiwa: "Haya mchawi wewe, umenikosa! Kamba yako umeikunja bure!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka na kungoja jibu. Mtani hujibiwa.

Mama yule aliinua uso. Akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgeni asiyemjua. "Nashukuru Mungu umetoka salama, bwana," akasema. "Nakutakia safari njema." Akamshika shangazi yake mkono, wakaondoka.

Hapakuwa na tusi hata moja. Alikuwa akimwita fisi miaka yote ya ndoa yake, alimwita fisi mbele ya jaji na kuiokoa shingo yake, na sasa alimwita bwana. Utani ulikuwa umekwisha. Aliukata pale pale, kwa maneno mazuri, na hakuna mtu anayeukata utani bila sababu. Labda siku zote aliamini kwamba huyu ndiye aliyemuua mumewe, akamwokoa kwa sababu nyingine aijuayo mwenyewe. Labda alichoka tu, na kila alipomtukana mtu huyu alimkumbuka mtu aliyekuwa akikaa katikati yao akicheka. Sijui. Nimeyageuza maneno yale tangu siku hiyo, mimi niliyeishi kwa kugeuza maneno ya watu, na sijapata upande wake wa pili.

Mnyamwezi alisimama mikono bado iko kiunoni. Kisha akanigeukia. "Karani," akaniuliza, "amesemaje?"

Mama alisema Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, na Mnyamwezi alikijua Kiswahili kama mimi. "Amekutakia safari njema," nikamwambia.

"Ameniita bwana."

"Ndiyo."

Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Tulitoka pamoja tukaenda kituo cha mabasi, kwa kuwa hakuna aliyemngoja, na kwa kuwa sikuweza kurudi ofisini na uso ule. Tulikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Alinishika mkono, kama wanaume wa kwetu wanavyoshikana wanapokaa pamoja, na kiganja chake kilikuwa kigumu kwa miaka ya kukata mkonge. Nilikitazama. Kilikuwa kile kile kilichomsukuma Mzigua, na sikujua kama nimeshika mkono wa mfiwa au wa muuaji, na nilijua kwamba yeye mwenyewe hajui. Nilikuwa namwogopa na nilikuwa namhurumia, yote mawili kwa pamoja, na hakuna lililoliachia lenzake nafasi. Sikuuachia mpaka basi la Pangani lilipokuja.